Shati la Gunzi

Majirani wa Bigwa walimwita Rehani "Jenereta", naye alicheka pamoja nao. Asubuhi bombani, ndoo zikiwa zimepangwa foleni, hakukosekana mwanamke wa kumchokoza mkewe. "Mwanvita, jana mafuta yaliisha saa ngapi? Maana nilisikia limezima lenyewe." Wengine wakaangua kicheko. Mwanvita naye akacheka, akajitwisha ndoo yake, akashika njia. Hakuwaambia kwamba hapo jenereta lilipozima ndipo yeye alipokuwa ameketi kitako kitandani, kiganja kifuani pa mumewe, akihesabu.

Kelele hazikumsumbua hata kidogo. Mke aliyekaa kwenye ndoa miaka kumi na tisa huizoea mikoromo ya mumewe akalala kama mtoto aliyebembelezwa. Kilichomnyima usingizi ni kimya. Rehani alikoroma hadi bati likaitikia, kisha katikati ya mkoromo pumzi ikakatika. Kifua kilihangaika, tumbo likapanda na kushuka, na hewa haikuingia. Moja, mbili, tatu. Mara nyingi Mwanvita alifika kumi na tano kabla mumewe hajashtuka kwa mlio wa mtu aliyeopolewa mtoni, akageuka upande, akaanza upya. Usiku mmoja wa Oktoba alihesabu hadi ishirini na nane. Akamzaba kofi.

"Unanipiga kwa kosa gani?" Rehani aliuliza, macho bado yamefumbwa.

"Ulikuwa unakufa."

"Basi ungeniacha nife kwa amani. Kesho nina safari ya Kinole."

Akalala tena papo hapo.

Na safari ya Kinole ndiyo iliyokuwa ikimla Mwanvita roho. Rehani aliendesha Canter, lori dogo la Dharmesh, mfanyabiashara wa ndizi na viungo mjini. Mara tatu kwa juma alipanda milimani gari likiwa tupu na kushuka likiwa limejaa mikungu ya ndizi na mafenesi. Barabara ile upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni korongo, na ikinyesha hakuna dereva anayejitapa. Mtu ambaye usiku mwili wake umepigana na kifo mara arobaini, mchana ataulipa usingizi huo wapi? Mwanvita alilijua jibu, na alikuwa peke yake katika kulijua.

&nbsp;

Siku moja ya Novemba walikuwa wanakula mchana, yeye, Rehani na binti yao Nasra, aliyekuwa amemaliza mtihani wa kidato cha nne wiki hiyo hiyo. Rehani alikata tonge, akalichovya kwenye mchuzi wa mlenda, akalinyanyua. Tonge likabaki hewani. Nasra alidhani baba yake anatafakari, kisha akaona mlenda unamchuruzika mkononi hadi kwenye kiwiko.

"Baba!"

Rehani alifumbua macho, akalitia tonge mdomoni, akaendelea kutafuna. "Nilikuwa nakusikiliza," alisema.

"Mbona hakuna aliyekuwa anaongea?" Nasra akacheka hadi akapaliwa. Baba mtu naye akacheka. Mwanvita alinyanyuka akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Siku mbili baadaye Canter lilirudi bila kioo cha kushoto, majani ya mgomba yamenasa kwenye bawaba ya mlango. Rehani alishuka akiwa mchangamfu kupita kiasi. "Huko Kinole migomba imekosa adabu," alisema. "Inaingia barabarani bila kutazama magari." Mwanvita aliyachomoa majani moja moja. Alijiuliza mgomba ule ulikuwa hatua ngapi kutoka ukingoni.

Kesho yake alijifunga kanga akaenda zahanati peke yake. Nesi Judith, mwanamke mnene mwenye haraka, alianza kwa kutabasamu kama wote. Mwanvita alipofika kwenye kuhesabu, tabasamu likatoweka.

"Huo si mkoromo wa kawaida, mama. Akilala koo linajifunga. Kila likijifunga mwili unamwamsha kidogo ili asife, kwa hiyo usiku kucha halali hata kama wewe unamwona kalala. Ana kilo ngapi?"

"Hajapima. Ila mikanda anaongeza matundu."

"Mlete. Atahitaji vipimo vikubwa, labda hadi Dar. Kwa sasa asilale chali, alale ubavu. Anafanya kazi gani?"

"Dereva."

Judith aliweka kalamu mezani. "Asiendeshe," alisema.

"Hilo utamwambia wewe?"

"Mlete nimwambie."

Kumleta ndiko kulikoshindikana. Rehani alimsikiliza mkewe mpaka mwisho, kwa upole, jambo ambalo lilimtia Mwanvita matumaini ya bure. Kisha akasema, "Nikishaandikwa kwenye daftari la hospitali kwamba nasinzia, nani tena atanikabidhi gari? Unataka nikae hapa nikulimie bustani kwenye shamba la wajomba zako? Mama Nasra, hii ardhi ni ya ukoo wenu. Hii nyumba imesimama kwenye ardhi yenu. Mimi hapa changu ni leseni tu."

Alisema kweli, na ndiyo maana iliuma. Kwa Waluguru ardhi hupitia kwa mama, na mume aliyejenga kwa mkewe hujihesabu mgeni hata azeeke pale. Mgeni mwenye usukani husalimiwa vizuri. Mgeni asiye na usukani hutumwa dukani. Wanaume wengi wa namna ya Rehani hawaogopi korongo hata chembe, wanaogopa kuchekwa na mashemeji.

Mwanvita hakubishana. Alitwaa shati kuukuu la mumewe, akashona mfuko mgongoni, akatia magunzi mawili ya mahindi na kuufunga kwa uzi wa viroba. Kila Rehani alipotaka kulala chali, magunzi yalimchoma akarudi ubavuni. "Wenzangu wanapewa mto, mimi napewa gunzi," alilalama, lakini alilivaa. Kwa wiki nzima vile vimya vilipungua, na Mwanvita akalala saa tatu mfululizo bila kuamka. Wiki ya pili uchovu ulimzidi Rehani, akawa analala juu ya magunzi yenyewe. Hesabu ikarudi palepale.

&nbsp;

Desemba Nasra aliwekwa ndani. Siku hizi wasichana hawakai miezi kama zamani. Siku saba za likizo zinatosha, na simu huachwa kwa mama. Aliyemfunda alikuwa Mwanaasha, mdogo wake mama yake Mwanvita, ndiye yule yule aliyemfunda Mwanvita mwenyewe. Mwali angetolewa Jumamosi, si Bigwa, bali Kinole kwenye asili ya ukoo, ambako mjomba mkubwa alikuwa ameshachinja na kualika. Wanawake wa Bigwa wangepanda huko pamoja na mwali. Dharmesh, ambaye hakuwa mtu mbaya, alitoa Canter lake kwa siku hiyo bila malipo. Dereva alikuwa baba wa mwali.

Wanawake ishirini na sita, pamoja na Nasra. Mwanvita alizihesabu roho hizo usiku badala ya kuhesabu pumzi. Ijumaa alasiri alimfuata Mwanaasha nyuma ya nyumba, alikokuwa anachambua mchele.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona macho yamevimba? Mama wa mwali halii mpaka kesho."

Mwanvita alipiga magoti, akaanza. Alisema kuhusu Rehani, kuhusu usiku, na alipofika tu kwenye neno kitanda Mwanaasha aliinua mkono wenye punje za mchele.

"Nilikufundisha nini?"

Mwanvita aliokota punje iliyoanguka, akairudisha kwenye ungo.

"Nilikufundisha nini siku ile, Mwanvita?"

"Ya kitandani hulala kitandani."

"Haya. Mimi hapa juzi tu nimemfundisha mwanao maneno hayo hayo, na mama yake ananiletea habari za kitanda chake kweupe, jua linawaka."

"Mama mdogo, hili si la kitandani. Ni la barabarani."

"Linaanzia wapi?"

Mwanvita alitazama chini.

"Basi ni la kitandani." Sauti ya Mwanaasha ililainika, maana alimpenda. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, mwanangu. Kila mmoja wetu ana wake. Ukiwa na dukuduku na mumeo, kesho ngoma ipo. Imba. Hiyo ndiyo baraza yetu. Yote husemwa pale na hakuna anayeulizwa."

Na kweli ndivyo ilivyo. Kwenye ngoma ya mwali mwanamke huweza kuimba kwamba mumewe ni bahili, mlevi, au hajiwezi, na kesho yake wanasalimiana kama kawaida. Mwanvita aliondoka akiwa na ruhusa hiyo moja, akaona ni afadhali kuliko kukosa kabisa.

&nbsp;

Jumamosi saa mbili Canter lilikuwa limevishwa kanga ubavuni kote. Wanawake walikwishapanda karibu wote, ngoma mbili zikilia, vumbi likipanda. Nasra alikuwa katikati yao amefunikwa kanga kichwani, amejipinda kwa haya kama inavyompasa mwali. Rehani aliketi kwenye usukani amevaa kanzu mpya, injini inaunguruma. Usiku uliopita hakulala. Walipika pilau hadi alfajiri, na yeye ndiye aliyepasua kuni.

Mwanvita alisimama chini, mbele ya wale wanawake wote, akaianza sauti.

"Jenereta la kwangu eee, huzima safarini!"

Ngoma zilimdaka papo hapo. Wanawake wakapiga kelele za furaha. Mama wa mwali hatimaye amechangamka.

"Huzima safarini!" waliitikia.

"Mnaopanda shukeni, mnaopanda shukeni!"

"Shukeni, mshikane!" mmoja alichomekea, na wote wakaikamata hiyo, wakaigeuza, wakaitia kiuno. Kufumba na kufumbua wimbo haukuwa wake tena. Mwanvita aliuinua mkono kuwanyamazisha, wakadhani anacheza.

"Mama mdogo!" alimpigia kelele Mwanaasha. "Siimbi! Nasema kweli!"

"Hata wimbo ni kweli, mwanangu!" Mwanaasha alijibu kutoka juu, amelowa jasho, anacheka. "Panda gari, mjomba wako anangoja!"

Wakati huo honi ikalia. Ililia kwa kirefu, bila kukatika, na gari zima likapiga vigelegele, kwa kuwa waliona baba wa mwali naye ameingia ngomani kwa njia yake. Ni Mwanvita peke yake aliyekuwa upande wa mlango wa dereva. Alimwona mumewe, paji la uso limeegemea katikati ya usukani juu ya honi, mdomo wazi, amelala. Ngoma mbili na vigelegele vya wanawake ishirini na sita havikumwamsha.

Alifungua mlango, akapitisha mkono chini ya kidevu chake, akazungusha ufunguo na kuuchomoa. Injini ikafa. Rehani alishtuka, "Nini? Tumefika?" Mwanvita alitembea, hakukimbia, hadi chooni nyuma ya nyumba, akautupa ufunguo tunduni. Ulipotua, alisikia.

Aliporudi, ngoma zilikuwa zimenyamaza.

"Ufunguo uko wapi?" Rehani aliuliza.

"Chooni."

Mtu mmoja alicheka, akaona hakuna anayemsaidia, akaacha. Hapo Mwanvita aliyasema yote, bila wimbo: pumzi, hesabu, mgomba, tonge la ugali, alichosema nesi. Wakwe zake Rehani walisikiliza wakiwa juu ya gari, na Rehani chini yao kwenye kanzu mpya, alama ya usukani nyekundu pajini. Alipangusa uso kwa kiganja kutoka juu hadi chini, kama anayemaliza dua, akaondoka kwa miguu kuelekea mjini.

"Umemvua mumeo nguo mbele ya wakwe zake," Mwanaasha alisema wakati anashushwa. "Mbele ya mwanao. Siku ya mwanao."

Walikodi magari madogo mawili yaliyokwenda na kurudi kwa zamu. Mwali alitolewa jioni badala ya asubuhi, jua likiwa linazama nyuma ya mlima, nyama imepoa na wageni wa mbali wamekwishaondoka. Usiku, wakiwa wamebaki wawili, Nasra alimwambia mama yake kwa sauti ndogo, "Si ungesema tu kwamba tumbo linakuuma." Mwanvita alikuwa hajaufikiria uongo rahisi kama ule.

&nbsp;

Canter lilikuwa na ufunguo wa akiba, lakini ufunguo wa akiba hauombwi bila maelezo. Dharmesh alikuja mwenyewe Bigwa Jumatatu, akakaribishwa kiti barazani na Rehani, aliyekuwa amerudi nyumbani jana yake, akakataa chai kwa adabu.

"Rehani, sisi tumefanya kazi miaka saba," alisema. "Hujanipotezea hata mkungu mmoja. Lakini sasa nimesikia. Ningekuwa sijasikia, sawa. Nikishasikia halafu nikakupa gari, likitokea la kutokea nitasema nini kwa watu? Nenda kapime. Ukileta cheti, kiti chako kipo."

"Umesikia wimbo wa wanawake, bosi."

"Nimesikia kwa mkeo."

Rehani aligeuka kumtazama Mwanvita aliyekuwa amesimama mlangoni. Hakumtazama kwa hasira, na Mwanvita angeipenda hasira. "Haya," alisema, na kumkabidhi Dharmesh karatasi za gari, tochi na jeki.

Rehani alikaa nyumbani siku nne. Siku hizo alitumwa dukani mara mbili, mara moja na shemeji wa miaka kumi na minane. Wanaume kijiweni waliinamisha vichwa vyao juu ya meza ya bao na kukoroma kila alipopita. Siku ya tano alifunga begi.

"Kuna mtu Gairo ana lori la Fuso," alisema. "Anabeba mahindi na karanga. Nitakuwa peke yangu, hataki utingo, anasema utingo wanaiba."

"Amekuuliza unalalaje?"

"Ameuliza leseni."

"Baba Nasra, cheti..."

"Mwanvita." Alikuwa hajamwita jina lake tangu Nasra azaliwe. "Wewe uliwaokoa watu ishirini na sita, sijakataa. Ila mimi ulinitupa kule kule na ufunguo."

Alipoondoka, Mwanvita aliingia chumbani kukunja vilivyobaki. Lile shati la gunzi halikuwepo. Alilitafuta chini ya kitanda na kwenye kapu la nguo chafu, hakuliona. Usiku ule nyumba ilikuwa kimya kabisa, naye hakupata hata lepe la usingizi, maana kimya ndicho alichokuwa amezoea kukiogopa, na sasa hakikuwa na mwisho.

&nbsp;

Wiki tano zilipita. Rehani alituma ujumbe kwa Nasra tu, maneno mawili matatu. Mwanvita aliuza nyanya na mchicha kwenye meza yake kando ya barabara, jirani na Irene muuza mihogo. Wateja wa ukoo walipungua. Mwanaasha alikuwa akipita na kuitikia shikamoo yake bila kusimama. Ijumaa moja, saa nane mchana, jua kali, alisimama kwa mara ya kwanza, kwa kuwa alikuwa na haja ya nyanya na pengine kwa kuwa amechoka kununa. Alikuwa anazibonyeza moja moja simu ilipoita.

Mwanvita aliona jina, akaipokea kwa mikono miwili.

"Mwanvita." Nyuma ya sauti kulikuwa na ngurumo ya injini.

"Uko wapi?"

"Nimetoka Gairo saa sita. Dumila sijaiona. Niongeleshe."

"Nikuongeleshe nini?"

"Chochote. Hata unitukane. Macho yanajifumba yenyewe."

Mdomo wake ulijua la kufanya. Alimwambia bei ya nyanya imeanguka. Alimwambia Nasra amepata daraja la pili, matokeo yametoka jana, na kwamba alilia kwa kuwa alitaka baba yake awe wa kwanza kujua. "Mh," alisema Rehani. Alimwambia paka amezaa ndani ya kapu la nguo. "Mh." Alimwambia bati la jikoni linavuja pale pale. Alisubiri. Ngurumo ya injini iliendelea, sawa sawa, na juu yake, kwa upole, ukaanza ule mkoromo anaoujua kuliko sauti yake mwenyewe.

"Rehani!"

Barabara nzima iligeuka. Irene alidondosha kisu.

"Rehani! Rehani!"

Honi ya gari jingine ilipita kwenye simu kwa kasi, kubwa, kisha matairi yakasaga changarawe. "Nipo! Nipo, mama, nipo!"

"Egesha gari."

"Mwenye mzigo ana..."

"Nakuomba kwa jina la Mola. Egesha."

Muda mrefu ulipita. Kisha injini ilizima, na mlio wa breki ya mkono ukasikika. Rehani alikuwa anahema. "Nimeegesha. Kando, kwenye majani." Akapiga mwayo. "Mwanvita, nikilala hapa nani ataniamsha?"

"Mimi. Usikate simu. Iweke karibu na uso."

"Shati ninalo. La gunzi. Nalivaa kila siku." Sauti ilikuwa inazama. "Ila kwenye kiti cha gari, hakuna ubavu..."

Hakumaliza. Mwanvita aliiweka simu kwa sauti kubwa juu ya meza katikati ya nyanya, akaiinamia. Mkoromo ukajaa pale mezani. Irene, ambaye hakuelewa kilichotokea, alianza kucheka. "Jenereta limewashwa! Hadi kwenye simu!" Mwanaasha naye midomo ilimtetemeka kwa kicheko.

Kisha ukakatika.

"Simu imekata," alisema Mwanaasha.

"Haijakata. Sikiliza."

Walisikiliza. Lori lilipita mahali fulani huko mbali, ndani ya simu, wakasikia upepo wake. Ndege alilia. Pumzi hawakuisikia. Mwanvita alihesabu kwa kugonga meza kwa kidole, na alipogonga mara ya kumi na tisa ule mlio wa kuopolewa majini ulitoka, mkali hivi kwamba Irene alirudi nyuma. Mkoromo ukaendelea.

Mwanaasha alivuta kreti tupu la nyanya, akaketi juu yake polepole.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii."

"Kila usiku?"

"Miaka mitatu, mama mdogo."

"Na mimi nikakwambia ukaimbe." Mwanaasha alitazama simu kana kwamba Rehani mwenyewe amelazwa pale mezani. Alitaka kusema jingine, lakini pumzi ikakatika tena, na safari hii yeye ndiye aliyeanza kuhesabu, kwa sauti, taratibu, kama alivyowahesabia mabinti hatua za ngoma. Kumi. Kumi na tano. Irene alikuwa ameinamia meza pamoja nao. Ishirini. Ishirini na tano.

"Rehani," Mwanvita aliita ndani ya simu. "Baba Nasra. Amka."

Ishirini na nane. Ishirini na tisa.

"Rehani, amka!"

Thelathini. Thelathini na moja. Simu ikatoa mlio mfupi mara tatu na kioo kikazimika. Salio la Rehani lilikuwa limekwisha.

Mwanvita alipiga yeye. Ikaita. Iliita mpaka ikakoma yenyewe, akapiga tena, ikaita tena. Irene alikuwa amekimbilia barabarani kusimamisha gari lolote linaloelekea njia ya Dodoma. Mwanaasha alikuwa amesimama, amejifunga kanga kiunoni, mkono mmoja begani kwa Mwanvita, na bado alikuwa anahesabu.